Mzee akisahau mpaka wa shamba, tusikimbilie kusema ni uzee

ALHAMISI ya wiki iliyopita nilikuwa kituo cha magari cha Mabanda, nikisubiri usafiri wa kunirudisha Nyanza-Lac. Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja mfanyabiashara, wa rika langu, aliyekuwa ametoka Manyovu na mizigo miwili ya vitenge na sabuni. Tulipogundua kwamba sote wawili tumekulia Tanzania kwa ukimbizi, mazungumzo yalihama kutoka bei ya vitenge hadi habari za nyumbani.

Aliniambia kwamba mama yake mzazi, ambaye amepita miaka sabini, amebadilika. Anatia chumvi kwenye chai. Anauliza swali moja mara sita kabla jua halijazama. Mwezi uliopita alitoka kwenda kisimani akapatikana kilima cha pili, ameketi chini ya mgomba, hajui njia ya kurudi. Dada yake mkubwa anataka mama apelekwe kwa mganga, kwa sababu familia ina kesi ya shamba na jirani, na inasemekana jirani huyo ndiye aliyemfunga mama akili ili asitoe ushahidi.

“Au ni uzee tu, mwalimu?” akaniuliza.

Gari lilifika kabla sijamjibu vizuri. Makala hii ndiyo jibu langu. Na kwa kuwa najua wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa kuvuka mpaka kama yeye, au waliorudi kama mimi, naamini swali lile si lake peke yake.

Ndugu msomaji, niruhusu nianze na baba yangu.

Baba alikimbia nchi mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 27. Mimi nilizaliwa Mishamo mwaka 1980, nikasoma huko kwa Kiswahili na baadaye kwa Kiingereza. Kila jioni, hasa baada ya mavuno, baba alitusimulia shamba la Nyanza-Lac. Linaanzia kwenye kijito, linapanda hadi mwembe wa babu, linapinda kwenye jiwe kubwa lililopasuka, kisha unahesabu michikichi kumi na minne hadi barabarani. Sisi watoto tulichoka na hadithi ile. Tulikuwa tunamalizia sentensi zake kabla yake, tukicheka. Hakuna hata mmoja aliyechukua kalamu akaandika.

Tulirudi mwaka 2009. Shambani tulikuta familia nyingine, na niseme wazi kwamba hawakuwa wezi. Mzee wao alipewa ardhi ile na wakubwa wa wakati huo, watoto wake walizaliwa pale, na yeye mwenyewe alikuwa ameshazikwa pale. Shauri lilikwenda taratibu kama mashauri ya ardhi yanavyokwenda hapa kwetu, hadi mwaka 2015 wazee wa kilima walipotuita sote shambani ili baba aonyeshe mipaka kwa mguu wake.

Alianza vizuri. Akatoka kijitoni akapanda hadi mwembeni. Pale akasimama. Akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili, mbele ya watu wote waliokuwa wakiongea Kirundi, kama mahindi ya Mishamo yameshapimwa. Wazee wakamwomba aanze upya. Safari ya pili mpaka ulianzia mahali pengine kabisa. Hakuna aliyemcheka, wazee walitazama chini. Mwishowe tuligawana, na sisi tukabaki na sehemu iliyo ndogo kuliko ile aliyotusimulia miaka yote. Sina chuki na majirani wale. Watoto wetu wanasoma darasa moja. Lakini mimi najua, na wao wanajua, kwamba mpaka wa leo umepita pale ambapo kumbukumbu ya baba ilikatikia.

Baada ya hapo alizidi kupotea. Mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 36 alilia kurudi nyumbani ziwani, sasa alikuwa ziwani na kila jioni anafunga nguo zake kwenye kanga, anasema anarudi nyumbani, Mishamo. Alifariki mwaka 2021.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo sikulitilia maanani wakati ule. Miezi michache baada ya siku ile ya shambani, baba alishikwa na homa tukampeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi akamfunga kipimo mkononi. Presha ilikuwa 190 kwa 110. Akauliza anatumia dawa gani. Tukatazamana. Mzee wa miaka 70, mwenye watoto saba na mwalimu wa baiolojia ndani ya nyumba, alikuwa hajawahi kuambiwa namba ya presha yake hata siku moja.

Sikuunganisha presha ile na kusahau kwake. Nilidhani ni mambo mawili tofauti: presha ni ya moyo, kusahau ni ya kichwa, tena inatokana na mawazo ya ukimbizi. Baba hakupigwa picha ya ubongo, kwa hiyo sitaandika hapa jina la ugonjwa wake kana kwamba mimi ni daktari. Ninachoandika ni yale niliyoyasoma baadaye, nikiwa nimechelewa.

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Ini lina akiba yake ya sukari, misuli ina akiba, na sisi akina mama wa umri huu tuna akiba ya mafuta hata tusipoitaka. Ubongo hauna ghala la maana. Unaishi kama mfanyabiashara wa mtaji mdogo, ambaye alichouza asubuhi ndicho anachonunulia unga jioni. Damu ikikatika kwenda kichwani, kwa sekunde kama kumi tu mtu anazimia. Sasa jiulize: damu isipokatika, bali ikapungua kidogo kidogo kwa miaka ishirini kwa sababu mishipa imekakamaa, itakuwaje?

Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao wataalamu wanauita demensia, si ugonjwa mmoja. Ni hali inayoletwa na magonjwa kadhaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Kwa hiyo wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu wanakosea.

Ugonjwa unaoongoza unaitwa Alzheimer, kwa jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1906 alieleza mbele ya wenzake ubongo wa mgonjwa wake, mama Auguste Deter, aliyefariki akiwa na miaka 55 tu. Ndani ya ubongo ule aliona uchafu ulioganda nje ya seli za fahamu, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Leo inafahamika kwamba uchafu ule ni wa protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba katika taarifa hiyohiyo Alzheimer aliandika kuwa mishipa mikubwa ya damu ya mama yule ilikuwa na dalili za kukakamaa. Jambo hilo halikupewa uzito kama yale mengine mawili.

Amiloidi na tau ndizo zilizopata fedha na umaarufu, na si bure. Zimetufundisha kwamba amiloidi huanza kujikusanya kichwani kama miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajaanza kusahau. Ndiyo maana zinaitwa alama za awali. Huonekana kwa picha maalumu za ubongo na kwa maji ya uti wa mgongo, na mwezi Mei 2025 Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kuzitafuta kwa watu ambao tayari wana dalili. Ipo pia dawa ya kupunguza amiloidi, lecanemab, iliyoidhinishwa huko mwaka 2023. Haiponyi, ila inapunguza kasi ya ugonjwa. Bei iliyotangazwa na watengenezaji ilikuwa dola 26,500 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Nilichukua kalamu nibadilishe kwa faranga za Burundi, nikaacha.

Hiyo hesabu ya miaka 15 hadi 20 ndiyo iliyonikwama kooni. Baba alianza kusahau kwa namna ya kuonekana mwaka 2014, akiwa na miaka 69. Tukirudi nyuma, tunafika kati ya 1994 na 1999. Wakati huo alikuwa Mishamo, mtu wa miaka hamsini hivi, analima mahindi na tumbaku, anataja mipaka ya shamba lake bila kukosea mti mmoja. Kama uharibifu ulianza, ulianza siku zile zile tulizokuwa tunamcheka kwa kurudia hadithi. Na sisi watoto wake, leo, ndio tuko kwenye umri ule.

Sasa turudi kwenye damu. Mwaka 2016 watafiti wa Montreal, Canada, walichapisha uchunguzi wa picha zaidi ya 7,700 za ubongo kutoka kwa watu 1,171, wazima na wagonjwa. Waliuliza swali rahisi: kati ya mabadiliko yote yanayotokea, lipi hutangulia? Hesabu zao zilionyesha kwamba mtiririko wa damu huanza kuvurugika mapema sana, kabla hata ya alama nyingine kujitokeza wazi. Mwaka 2019 watafiti wa University of Southern California, Marekani, walionyesha kwamba kwa watu wanaoanza kupoteza kumbukumbu, mishipa midogo kabisa ya ubongo huwa inavuja, hata kwa wale ambao amiloidi na tau zao hazijabadilika. Mwaka 2025 wenzao wa chuo hichohicho walitumia vyombo visivyoingia mwilini: mawimbi ya sauti, kama yale ya kumpimia mama mjamzito, ili kuona damu inavyokwenda kichwani, na mwanga ili kuona oksijeni inavyofika. Watu wazee waliokuwa na mtiririko mzuri walikuwa na amiloidi kidogo zaidi, na sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya, hipokampasi, ilikuwa kubwa zaidi.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu mwalimu asiyetaja udhaifu wa hoja yake anawadanganya wanafunzi. Kuona mambo mawili pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Inawezekana ubongo unaokufa unahitaji damu kidogo, basi damu inapungua kwa sababu mteja amepungua. Inawezekana pia amiloidi yenyewe ndiyo inayoharibu mishipa. Watafiti wa London mwaka 2019 walionyesha kwamba amiloidi huzifanya seli zinazokumbatia mishipa midogo zikaze, na mishipa ikabana. Kwa maoni yangu yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Wenye maduka Rumonge wanaifahamu hali hii kila masika: mtaro ukiziba takataka zinajaa, takataka zikijaa mtaro unaziba zaidi. Huhitaji kujua kipi kilianza ili ujue pa kuanzia kuzibua.

Na pa kuanzia pamejaribiwa. Huko Marekani watu zaidi ya 9,300 wenye presha, wa miaka 50 na kuendelea, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilishushiwa presha hadi chini ya 140, jingine hadi chini ya 120. Matokeo ya upande wa ubongo yalitoka mwaka 2019: kundi la pili lilikuwa na kesi chache zaidi za kuanza kupoteza kumbukumbu, kwa asilimia 19. Kwa demensia kamili tofauti haikutosha kutangazwa kwa uhakika, maana jaribio lilisimamishwa mapema.

Lakini jaribio lililonifanya niandike si hilo. Ni la China, la vijijini, lililochapishwa mwaka 2025. Watu karibu 34,000 wa miaka 40 na kuendelea, wote wana presha, katika vijiji 326. Katika nusu ya vijiji hivyo, kazi ya kupima na kutoa dawa walipewa wahudumu wa afya wa kijiji, ambao si madaktari wa chuo kikuu. Walifundishwa, wakapewa dawa za bei nafuu au za bure, wakawapa watu vipimo vya kujipimia nyumbani, wakawafuatilia. Lengo lilikuwa presha chini ya 130 kwa 80. Baada ya miaka minne, demensia katika vijiji vile ilikuwa pungufu kwa asilimia 15 kulinganisha na vijiji vingine.

Soma tena, ndugu msomaji. Hakukuwa na mashine ya kupiga picha ubongo. Hakukuwa na dawa ya dola 26,500. Ni wahudumu wa kijiji, kipimo cha kufunga mkononi, na vidonge vya zamani vya presha.

Sisi nasi tunao wahudumu wa afya wa jamii vilimani. Tumewachagua wenyewe, wanatufahamu kwa majina, na wamefanya kazi kubwa kwenye malaria na lishe ya watoto. Swali langu kwa wanaopanga bajeti ya afya ni hili: kuna ugumu gani kumpa kila mmoja wao kipimo cha presha, na kituo cha afya kilicho juu yake kikawa na vidonge mwaka mzima badala ya wiki mbili za kwanza za mwezi? Najua jibu litakuwa fedha. Lakini tunapomhudumia mzee aliyepotea akili, gharama hiyo inalipwa vilevile, ila haiandikwi popote. Kwetu ililipwa na mdogo wangu wa kike aliyeacha biashara ya dagaa miaka minne ili amlinde baba asitoroke usiku kwenda Mishamo.

Kuna jambo jingine linalowahusu wavuka mpaka, na sijaliona likiandikwa. Yule mama wa Mabanda aliniambia kwamba yeye mwenyewe ana presha. Aliandikiwa dawa upande huu, kadi yake imejazwa kwa Kifaransa. Vidonge vilipomwishia akiwa Kigoma, muuza dawa wa kule, ambaye amesoma kwa Kiswahili na Kiingereza kama mimi, hakuielewa kadi ile, na jina la kiwanda lililoandikwa juu ya pakiti halikuwepo dukani kwake. Basi akakaa siku kumi na tano bila dawa. Akirudi upande huu anaanza tena. Amekuwa akiishi hivyo kwa mwaka mzima: dawa inaishia Mugina, inaanza tena Mugina.

Tatizo hili linaweza kuondolewa kwa kalamu. Dawa nyingi za presha zina jina la viwanda, ambalo hubadilika kila nchi, na jina la dawa yenyewe, ambalo ni lilelile kote. Amlodipine ni amlodipine Bujumbura na Kigoma, hata kama Mfaransa na Mwingereza wanalitamka tofauti. Mwombe muuguzi akuandikie jina la dawa yenyewe, kiasi chake kwa miligramu, na namba za presha yako za mara tatu za mwisho. Namba hazina Kifaransa wala Kiswahili. Na nchi zetu zote mbili zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kadi moja ya presha inayosomeka pande zote za mpaka ni jambo dogo kuliko mengi tuliyoyasikia yakizungumzwa kwenye vikao vya Jumuiya.

Kwa wafanyabiashara niseme pia kuhusu chumvi, na najua nagusa mkate wa watu. Chumvi ya Uvinza imevuka kuja huku tangu zama za mababu, na migebuka na dagaa wanaotiwa chumvi ni biashara ya halali. Simwambii mtu aache kuuza. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki. Mwanamke anayeondoka alfajiri, anakunywa chai, anakula dagaa wa chumvi na ugali wa baridi garini, anafika usiku na kulala saa nne, huyo hana kipimo cha kijiko. Loweka samaki, mwaga maji ya kwanza. Mama zetu walifanya hivyo kambini kwa sababu nyingine, na walikuwa sahihi.

Presha si kila kitu, nisije nikaonekana nauza vidonge. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la The Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yanaweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Kwenye orodha hiyo presha si ya kwanza kwa uzito. Yumo mtu asiyesikia vizuri na hakusaidiwa, kisukari, sigara, mafuta mabaya kwenye damu, kuumia kichwa, upweke, moshi na hewa chafu. Na kuna moja lililonifurahisha kama mwalimu: kukosa shule utotoni. Wapo watu waliotucheka kwamba tulisoma chini ya miti na kwenye madarasa ya udongo ugenini. Kumbe ile miaka ya ubao na chaki ilikuwa pia akiba ya kichwa cha uzeeni. Naileta presha mbele kwa sababu moja tu, kwamba ndiyo inayoweza kupimwa kesho asubuhi, sokoni, kwa dakika mbili.

Mwisho nisiliache suala la mganga. Nilikulia katika nchi ambayo, huko Shinyanga na Mwanza, vikongwe waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekwa wekundu na moshi wa jikoni. Najua neno “amefungwa akili” linaweza kufika wapi. Leo linamtaja jirani mwenye kesi ya shamba. Kesho nyumba ya jirani inachomwa moto. Hapa kwetu, ambako aliyekimbia na aliyebaki wanalima bega kwa bega, hatuna anasa ya kucheza na maneno ya namna hiyo.

Kwa hiyo, dada yangu wa Mabanda, hili ndilo jibu ambalo gari lilinikatiza. Kusahau kwa namna ile si uzee tu, na jirani yako hajamfunga mama yako. Mpeleke kituo cha afya apimwe presha na sukari. Waambie waangalie pia damu kama ina upungufu, dawa nyingine anazotumia, na kama ana maambukizi au huzuni kubwa, kwa sababu baadhi ya kusahau kunakoletwa na mambo hayo hutibika. Kama ni demensia yenyewe, vidonge vya presha havitamrudisha alivyokuwa, ila vinaweza kumkinga na kiharusi. Jioni asitoke peke yake.

Na asubuhi moja akiwa ametulia, kwa maana asubuhi ndipo baba yangu alikuwa na nafuu, keti naye na daftari. Muulize shamba linaanzia wapi. Andika kila mti. Mwite mjumbe wa wazee wa kilima na jirani yako mwenyewe wasikie, nao watie sahihi. Akikosea, andika hivyohivyo, kisha muulize tena wiki ijayo.

Wewe mwenyewe ukipita Nyanza-Lac na kadi yako ya Kifaransa, ulizia shule yetu. Walimu tulichanga tukanunua kipimo cha presha, kiko kwenye kabati la ofisi, na hatutozi kitu. Siku ya kwanza tulijipima sote kumi na wawili. Watano tulikutwa juu ya 140. Mimi nilikuwa 148 kwa 94, sina maumivu ya kichwa, sina kizunguzungu, nilikuwa nimetoka kufundisha vipindi vinne.